Walikuwa Wangapi

Siku ya hitima ya ndugu yangu Ramadhani, watu walipokwisha kula na sinia zikiwa bado hazijaondolewa, mjukuu wake mmoja aliwasimulia wageni ushujaa wa babu yake. Alisema kwamba zama za mkoloni, babu alipokuwa kijana, alivamiwa na wezi watatu wenye mapanga katika njia ya Mtongwe, akapambana nao kwa mikono mitupu mpaka wakakimbia. Wageni wakasema mashaallah. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, na kila neno nikalisikia. Sikumsahihisha. Kijana alikuwa akimlilia babu yake kwa njia yake, na hitima si mahali pa mabishano. Lakini hadithi ile imenikaa kooni tangu siku hiyo, kwa sababu Rama alipata taabu kubwa kuwaondoa wale wezi katika kisa chake, mmoja baada ya mwingine, na sasa yeye hayupo na wao wamerudi wote watatu na mapanga yao. Watu waliokuwapo siku aliyowaondoa wezi hao wamekwisha kufa wote. Nimebaki mimi, kwa hivyo nitaeleza mimi.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Pale Likoni watu walikuwa wakibishana juu ya Mwambao tangu asubuhi mpaka jioni, kama tubaki na Sultani au twende na bara, na kila kibaraza kilikuwa na wanasheria wake. Nyumbani kwetu Mtongwe tulikuwa wawili tu, mimi na Rama. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kutangulia, na hayo nayaacha kama yalivyo. Nilikuwa nimetoka skuli mapema nikakalia cherehani, na yeye alikuwa na miaka kumi na saba, kijana wa maneno mengi, masikio makubwa, na njaa isiyokwisha. Nyumba ilikuwa na ukumbi, chumba kimoja, na ua wa makuti uliopakana na ua wa jirani yetu Bi Mwanakombo. Cherehani, ya kuzungushwa kwa mkono, ilikaa juu ya meza ndogo chini ya dirisha la ukumbi. Bi Mwanakombo alikuwa akisema hahitaji saa, kwani akiisikia cherehani ya Mishi, yaani mimi, hujua kumekucha, na ikinyamaza hujua Mishi anapika.

Cherehani ile iliharibika, ikawa inaruka mishono. Rama akaipeleka kwa fundi mjini, na siku ilipokuwa tayari akaenda kuichukua. Nakumbuka nilikuwa na sufuria ya mbaazi motoni, tui la kwanza nimeliweka kando, namsubiri afike ndipo nilimimine. Jua lilikuwa bado halijazama. Nikamwona amesimama mlangoni, hakuvua viatu wala hakutoa salamu.

"Cherehani iko wapi?" nikamwuliza.

"Wameichukua."

"Kina nani?"

"Wezi. Watatu. Wana mapanga."

Nikamshika mabega nikamgeuza huku na huku kutafuta damu. Hakuwa na mkwaruzo. Shati lake lilikuwa safi, limechomekwa kama alivyotoka nalo asubuhi. Na kichwani, katikati ya utosi, ilikuwapo ile ngata, kile kitambaa tunachokiviringisha kuzuia mzigo usimwumize mtu. Alikuwa ametembea njia nzima na ngata tupu kichwani. Nikaitoa polepole nikaiweka juu ya meza, pale ilipokuwa ikikaa cherehani. Nilijua hapohapo kwamba mtu aliyerukiwa na watu watatu wenye mapanga hafiki kwake na ngata kichwani. Lakini mikono yake ilikuwa baridi kama samaki, na nikaona kwamba kilichompata, chochote kile, kilimpata kweli. Nikamimina tui nikampakulia. Hakula.

Asubuhi yake tulikwenda kituoni, na ami yetu Salimu, mdogo wake baba, akaja nasi ili pawe na mtu mzima mwanamume. Askari alimwuliza Rama kwa upole tu wezi walikuwa na sura gani. Rama akasema mmoja mrefu, mmoja wa kadiri. "Na wa tatu?" akauliza askari. Rama akasema hakuwa na hakika na wa tatu, pengine walikuwa wawili. Tulipotoka nje ami alinitazama juu ya kichwa cha Rama, na mimi nikatazama barabara. Cherehani haikupatikana siku hiyo wala siku yoyote baadaye, niseme mapema msomaji asije akaingoja. Nilirudi kushona kwa mkono, na kazi ilipopungua nikasuka makuti na ukili wa mikeka. Tulikula muhogo zaidi kuliko wali. Hayo hayakunitisha, nilikuwa nimekwisha kuyazoea.

Lililonitisha lilikuwa Rama. Kwanza aliacha kulala. Alikuwa akikaa ukumbini, mgongo ameutia ukutani, uso umeelekea mlango, na ukimwambia akalale husema ndiyo dada, wala hasogei. Kisha nikaona kwamba hageuki nyuma. Ukimwita kwa nyuma njiani, husimama palepale kama mti akangoja mpaka umzunguke umfike mbele. Akiacha kitu nyuma yake hazungushi shingo kukitafuta, huzunguka mwili mzima kwa hatua ndogondogo, kama mtu aliyebeba mtungi. Maneno yake mengi yalikwisha. Siku moja nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, akaniuliza, "Dada, mimi nina nini usoni?"

"Una pua," nikamwambia. "Na masikio yanayotosha watu wawili."

Hakucheka. "Mtu akinitazama anaona nini? Maana yeye amekaa pale, watu wamepita, wanaume kwa wanawake, mbona hakuwachagua wao?"

Nilisikia kwamba alisema yeye, hakusema wao. Nikaendelea kukuna nazi.

Majirani nao walikuwa na majibu, tena kila mmoja na lake. Ua wa makuti hauzuii maneno, na mimi kwa kuwa sikuwa tena na cherehani ya kupiga kelele niliyasikia yote. Jioni moja wanawake walikuwa kwa Bi Mwanakombo wakichambua mchele.

"Mie nasema ni kijicho," alisema mmoja. "Mtoto yatima, cherehani imeng'ara, imepita katikati ya watu mchana. Jicho limeitangulia."

"Kijicho gani! Njia ile ina wenyewe. Pale penye tanuri la kukaushia mbata za nazi pana jini, na jini lile hupenda vijana wazuri."

"Basi si Rama, kwa masikio yale."

Wakacheka, kisha mwingine akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo watu hudhani haivuki ua, "Salimu anasema ameiuza. Anasema mtoto amebadilisha maneno mbele ya askari."

"Salimu na aogope Mungu," akasema Bi Mwanakombo.

"Mie sijui, nasema nilichosikia."

Rama alikuwa amekaa ukumbini na mlango wa uani ulikuwa wazi. Niliinuka nikaufunga, lakini nilikuwa nimechelewa.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimewasikia watu wengi walioibiwa, waliopigwa, waliotendwa mabaya zaidi ya hayo, na nimewasikia wengine wengi zaidi wakieleza kwa nini yaliwapata. Siku hizi kuna majina ya hospitali kwa hali aliyokuwa nayo Rama, na mabinti wa siku hizi huyataja bila kuona haya, nami nafurahi. Zama zile tulisema amekumbwa, au ameingiwa na woga, na Bi Mwanakombo akaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, Rama akanywa maji yaliyoziosha siku saba kwa utiifu kama mtoto. Sisemi halikumsaidia. Lakini niliona jambo moja ambalo mpaka leo naliona. Kila aliyemweleza Rama kwa nini aliibiwa alikuwa anajieleza mwenyewe kwa nini yeye hataibiwa. Aliyesema ni kijicho alikuwa amevaa hirizi. Aliyesema ni jini la tanuri hakuwa akipita njia ile. Ami Salimu aliposema Rama ameiuza, alikuwa amelala salama kuliko wote, kwa kuwa katika maneno yake hapakuwa na mwizi hata mmoja. Rama peke yake ndiye hakuwa na pa kujificha, na kwa kuwa alitaka sana jibu, alikuwa akijitwisha lawama mwenyewe.

Ami Salimu ndiye aliyetaka halbadiri isomwe. Kwa asiyejua, halbadiri ni kisomo kinachosomwa juu ya mwizi asiyejulikana, na watu wa kwetu wanaiogopa kuliko mahakama, kwani husemwa humfuata mkosaji popote alipo, kwa maradhi, wazimu au mauti. Kabla ya kusoma hutangazwa, ili mwenye mali ya watu airudishe. Ami aliitangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kisha akaja kwetu akaketi kitini. "Alhamisi baada ya alasiri," akasema. "Hapa hapa nyumbani. Mwalimu Hassani amekubali. Kama Rama amesema kweli hana la kuogopa."

Nilimwambia, "Ami, shikamoo."

Akashtuka, maana aliingia kwa maneno yake bila kungoja salamu. "Marahaba," akasema.

"Nyumba hii ni yako, na kisomo ni kheri. Lakini mimi ndiye niliyeibiwa. Cherehani ilikuwa yangu. Usimwambie mdogo wangu kwamba kisomo ni cha kumpima yeye."

"Mishi, mimi natafuta ukweli."

"Ukweli utafute kwa mwizi," nikamwambia. Alikasirika, lakini hakuahirisha.

Siku zile sita Rama hakula kitu ila uji. Watu walimwona njiani amekonda, shingo imekauka, hageuki akiitwa, wakasema, unaona, dhambi yamla. Jumatano aliniuliza, akiwa palepale ukutani, "Dada, halbadiri humpata na mwongo?"

Nilimwambia sijui, amwulize Mwalimu. Kisha nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria tangu siku ya ngata. "Rama, mimi sikuulizi walikuwa wangapi. Wakiwa kumi wewe ni ndugu yangu, na asiwepo hata mmoja wewe ni ndugu yangu. Kesho ukisema au usiseme, jioni utakula humu ndani."

Alhamisi walikuja. Ukumbi wetu mdogo ulijaa wanaume wameketi mkekani, chetezo cha ubani katikati, na sisi wanawake tukawa chumbani nyuma ya pazia, Bi Mwanakombo goti lake juu ya goti langu kwa ufinyu. Mwalimu Hassani alikuwa mtu wa makamo, mwenye mafua yasiyokwisha, na alipenda mambo yaende upesi. Akapenga, akafungua kitabu, akasema, "Kawaida aliyepatwa hueleza mwenyewe mbele ya watu, lililotokea na si lingine, ndipo tusome. Haya, Ramadhani."

"Mwalimu," Rama akasema, "halbadiri humpata na mwongo?"

Ami Salimu akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeona hesabu yake inakuja sawa.

"Mimi husoma tu," akasema Mwalimu. "Mwenye kupiga ni Mungu, naye ajua uongo wa wizi na uongo wa woga. Sema, mwanangu."

"Alikuwa mmoja."

"Mmoja!" akasema ami.

"Mtu mzima, ami. Amevaa kofia na kanzu safi. Nilimkuta amekaa pale penye tanuri la mbata. Nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba. Akasema, pole mwanangu, mzigo umekuelemea, njoo nikutue upumzike. Nikainama akanitua." Akaendelea. "Nikamwambia ahsante. Akaniuliza natoka wapi, cherehani ya nani, nikamwambia ya dada yangu. Akasema fundi amefanya kazi nzuri. Halafu akasema, haya sasa, nenda nyumbani, wala usigeuke nyuma. Hakupandisha sauti. Nikaenda."

"Na panga?" akauliza mtu.

"Sikuona panga."

"Kisu? Rungu?"

"Sikuona kitu. Aliniambia nenda, nikaenda. Sikugeuka."

Watu wa mbali pengine hawataelewa jinsi maneno yale yalivyoanguka mle ndani. Kwetu mtu mwenye mzigo kichwani ni wa kila anayepita. Hawezi kujitua peke yake, na aliye karibu humtua, awe anamjua au hamjui, naye hushukuru na kuinamisha kichwa kwa mikono ya mgeni bila kufikiri. Yule mtu hakumnyang'anya Rama. Alichukua adabu tuliyomfundisha, mimi na wazee wetu na watu wote waliokuwa mle ukumbini, akaitumia kama ufunguo. Nadhani kila mtu alikuwa akijiona ameinamisha kichwa. Kisha ami Salimu akasema, "Ulimwambia ahsante?" na sauti ikamponyoka ikawa kicheko, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima.

Nilinyanyuka. Sijui nilitaka kufanya nini. Bi Mwanakombo alinikamata kanga akaniketisha, na yeye, mwanamke ambaye sijapata kumsikia akisema mbele ya mkusanyiko wa wanaume, akapaza sauti pazia likatikisika.

"Mwacheka nini? Wewe Salimu, mtu mzima akutue mzigo, ungemtukana?"

Kicheko kikakatika. Ami akasema, "Bi Mwanakombo, lakini watatu, mapanga..."

"Watatu, ndiyo! Wajua mie walioninyang'anya herini zangu harusini Kisauni walikuwa wangapi?"

"Wanne," wakasema watu wawili watatu kwa pamoja, kwani kumbe kisa kile walikijua, mimi tu ndiye sikuwa nimekisikia.

"Alikuwa mwanamke mmoja. Aliniambia, dada, herini yako yalegea, hebu nikutengenezee. Nikamsogezea sikio. Na alipokwisha, nikamgeuzia la pili." Akavuta pumzi. "Marehemu mume wangu amekufa akijua walikuwa wanaume wanne. Walikuwa wanne kwa sababu angekuwa mmoja ningeulizwa mbona sikupiga kelele. Basi na mie nisomeeni hiyo halbadiri."

Mwalimu Hassani alipenga kamasi. Halafu kutoka pembeni mzee mmoja akasema polepole, "Na wewe Salimu, ile baiskeli yako uliyonyang'anywa Changamwe?"

"Ile ni habari nyingine," akasema ami.

"Walikuwa wangapi?"

Nilimwona ami kwenye upenyo wa pazia, anakunja na kukunjua ukingo wa kikoi chake. "Mmoja," akasema mwisho. "Tena mfupi."

Hapo ndipo watu walipocheka kweli, na ami akacheka nao huku machozi yakimtoka, na Rama akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyefika ugenini akakuta wenyeji wanasema lugha yake. Kicheko kilipotulia akamgeukia Mwalimu. "Lakini kwa nini niliondoka? Nilikuwa na nguvu kumshinda. Kwa nini nilikwenda tu?"

Mwalimu Hassani alitazama kitabu chake kilichokuwa wazi, akakifunga. "Hilo humu halimo," akasema. "Mimi najua uliondoka ukafika kwa dada yako. Unataka tusome?"

Rama akafikiri. "Hapana, Mwalimu. Someni Fatiha tu."

Wakasoma Fatiha. Mimi nikaenda uani kuchukua mbaazi na mahamri niliyokuwa nimeyaandaa, na nikiwa huko nikasikia ukumbini wameanza kusimuliana. Mmoja aliibiwa mbuzi na mtu ambaye yeye mwenyewe alimpa kamba ya kumfungia. Mwingine alimfungulia mwizi mlango mwenyewe kwa kuwa alibisha hodi vizuri. Walikuwa wakisemezana wote kwa pamoja, kila mmoja akipunguza idadi ya wezi wake. Nilirudi na sinia nikapiga hodi penye pazia, ami akaja kuipokea, ndipo nikamwona Rama. Alikuwa amelala. Alikuwa amejinyoosha mkekani katikati ya miguu ya watu, mkono chini ya shavu, mgongo wake umeelekea mlango uliokuwa wazi, mdomo wazi, anakoroma.

Muadhini akaanza kuadhini. Kwetu mtu halali magharibi, hata mgonjwa huamshwa akakalishwa, kwani ni wakati mbaya na husemwa aliyelala hupatwa na mambo. Ami Salimu akaweka sinia chini akainama kumtikisa bega.

"Mishi, mwamshe ndugu yako. Magharibi hii."

"Mwache, ami."

"Na sala?"

"Ataikidhi," akasema Mwalimu Hassani, akitafuta viatu vyake. "Twendeni."

Wakaondoka kwenda msikitini, na nyumba ikaingia kimya. Nikaona mkono wa Rama umecheza, kope zake zimetikisika, kimya kile kinataka kumwamsha. Nikamwambia Bi Mwanakombo, "Sema, bibi. Sema chochote, usinyamaze." Akaketi chini karibu naye, akaanza kueleza zile herini zilivyokuwa, sonara gani alizifua, na zilivyokuwa zikilia akitembea, na Rama akashusha pumzi akaendelea kulala.